Kwa nini maandiko ya utafiti kuhusu sera ya elimu ya juu hukosa ufadhili hata yanapoandikwa vizuri?

Njia_Panda (mleta uzi)

Habari za wakati huu wanajukwaa. Kwa muda sasa nimekuwa nikiomba fedha za kuchunguza sera ya elimu ya juu, hasa upande wa ugharimiaji: nani abebe gharama za masomo, aanze kulipa lini, na mkopo urejeshwe kwa kigezo cha muda au cha kipato. Majibu ninayopata yanafanana mno. Mada ni muhimu, andiko limepangika, ila haliingii katika vipaumbele vya mfadhili kwa sasa. Wenzangu wanaochunguza ufundishaji wa kusoma na kuhesabu katika madarasa ya chini hawaambiwi hivyo mara nyingi kama mimi.

Dai langu ni kwamba kasoro haiko katika maandiko bali katika historia. Katika miaka ya 1980 wachumi wa Benki ya Dunia, George Psacharopoulos akiwa mstari wa mbele, walikadiria kuwa faida ambayo jamii huipata kutokana na elimu ya msingi inazidi ile ya chuo kikuu, na tangu hapo wafadhili wakubwa waliipa elimu ya juu kisogo wasirudi tena. Chuo kisipohesabiwa kuwa kipaumbele, utafiti kuhusu sera yake utapata wapi fedha? Naomba michango, hasa ya waliowahi kuketi kwenye majopo ya kuchagua maombi.

TakwimuKwanza

Mkuu Njia_Panda, nusu ya kwanza ya historia yako ni sahihi, lakini hilo la "wasirudi tena" halisimami. Mwaka 2000 jopo lililoitishwa na Benki ya Dunia kwa pamoja na UNESCO lilitoa ripoti iliyoeleza kuwa hesabu zile zilikuwa finyu, kwa sababu zilitazama zaidi mishahara na kodi, zikayaacha nje manufaa ambayo jamii huyapata kupitia utafiti, uongozi na taasisi zinazoendeshwa na wahitimu. Mwaka huohuo mashirika manne ya Marekani, yaani Carnegie, Ford, MacArthur na Rockefeller, yalianzisha ushirikiano wa kusaidia vyuo vikuu vya Afrika uliodumu hadi 2010, na mashirika mengine yakajiunga baadaye. Kisha mwaka 2014 Claudio Montenegro na Harry Patrinos walichapisha, kupitia Benki hiyohiyo, makadirio ya nchi nyingi yaliyoonyesha kuwa kwa mhitimu mwenyewe faida ya elimu ya juu ndiyo kubwa kuliko ya ngazi nyingine.

Hata hivyo makadirio hayo ya mwisho hayakusaidii sana unapoomba fedha. Ukimwambia mfadhili kwamba mhitimu ananufaika mno yeye binafsi, atakuuliza kwa nini asijilipie mwenyewe, na hapo umeshampa hoja ya kukunyima.

Bi_Kalamu

Nakubaliana na TakwimuKwanza kuhusu tarehe, ila naomba tusichanganye mambo mawili. Kufadhili vyuo vikuu ni jambo moja, na kufadhili utafiti kuhusu sera ya vyuo vikuu ni jambo jingine kabisa. Fedha nyingi za ushirikiano ule zilikwenda kwenye uwezo wa vyuo vyenyewe: kusomesha wanataaluma, kupanua intaneti, kuboresha menejimenti. Sehemu iliyokwenda kwenye kuuliza maswali kuhusu mfumo ilikuwa ndogo, ingawa iliacha alama.

Mfano mzuri ni HERANA, mtandao wa utafiti kuhusu elimu ya juu barani Afrika ulioratibiwa na CHET, kituo cha masuala ya elimu ya juu cha Cape Town, ambao ulizichunguza taasisi saba za Afrika, zikiwemo Makerere, Dar es Salaam, Nairobi na Ghana. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kukubaliana namna ya kuhesabu: ni nani ahesabiwe kuwa mwanafunzi wa uzamivu, ni mhadhiri yupi ahesabiwe kuwa wa kudumu, wahitimu wahesabiwe kwa mwaka upi. Ukiandika katika andiko lako kwamba utatumia miaka miwili ya kwanza kusafisha na kulinganisha takwimu, wapitiaji wengi huona huna swali. Kumbe bila hatua hiyo swali lenyewe halijibiki.

TakwimuKwanza

Ni nane, Bi Kalamu, siyo saba. Umeisahau Mauritius, ambayo husahaulika kila mara: Botswana, Cape Town, Dar es Salaam, Eduardo Mondlane, Ghana, Makerere, Mauritius na Nairobi.

Bi_Kalamu

Ahsante. Nilijua tu hutalala bila kuhesabu.

Mhakiki_Mkongwe

Salaam. Nimeketi kwenye majopo ya kupitia maombi, kwa hiyo nitasema ninachokiona kutoka huko. Sidhani kwamba historia ya Benki ya Dunia inamfikia mpitiaji wa kawaida anapofungua andiko jioni akiwa amechoka. Kinachomfikia ni kwamba hajui andiko hilo ni la nani. Likipelekwa kwenye jopo la elimu, wapitiaji wanatafuta mwalimu, darasa na mtaala, hawavioni. Likipelekwa kwenye jopo la uchumi, wanatafuta namna ya kutenganisha chanzo na matokeo, wanakuta mahojiano na wakuu wa vyuo. Likipelekwa kwa wanasayansi ya siasa, wanauliza nadharia ya dola iko wapi. Mada hii ni mtoto wa nyumba tatu, na kila nyumba inadhani ameshakula kwa jirani.

Sababu ya pili inawahusu waombaji wenyewe, na naisema kwa nia njema. Maandiko mengi yana swali kubwa kuliko bajeti. Mwombaji anauliza: sera ya ugharimiaji ina athari gani kwa usawa? Swali hilo halina mwisho, kwa hiyo mpitiaji hawezi kujua ni lini litakuwa limejibiwa. Mwombaji mwingine, mwenye mada hiyohiyo, anauliza hivi: wanafunzi waliokosa mkopo kwa tofauti ndogo sana ya alama za uhitaji, je, waliacha masomo zaidi kuliko wale waliopata mkopo kwa tofauti ndogo hiyohiyo? Huyu wa pili ameonyesha kundi la kulinganisha, ameonyesha takwimu anazohitaji, na hata jibu likiwa "hapana", mfadhili amepata kitu. Mara nyingi niliyoona ubishi mrefu kwenye jopo, mwombaji wa pili ndiye aliyepita, na wa kwanza ndiye aliyeandikiwa kwamba mada yake ni muhimu.

Daftari_la_Zamani

Mhakiki_Mkongwe, naheshimu uzoefu wako, lakini hoja yako inanitia hofu. Tume ya Carnegie ya elimu ya juu nchini Marekani, iliyoongozwa na Clark Kerr kuanzia 1967 hadi 1973, ilifadhiliwa kwa miaka yote hiyo ili iulize maswali makubwa: nani asome, nani alipe, vyuo vya aina gani vijengwe. Ni katika mazingira hayohayo ambamo mwanasosholojia wa Marekani Martin Trow, mwaka 1973, aliandika kuhusu mifumo kuvuka kutoka elimu ya wachache kwenda elimu ya wengi pale wanaojiunga na vyuo wanapopita asilimia 15 ya rika lao, na kwenda elimu ya wote wanapopita asilimia 50. Leo karibu kila anayeandika kuhusu upanuzi wa vyuo anaitumia mipaka hiyo, hata anayeipinga. Swali la Trow lisingepita kwenye jopo lako, kwa sababu halina kundi la kulinganisha wala jibu la "hapana".

Kamati ya Robbins kuhusu elimu ya juu ya Uingereza nayo, iliyotoa ripoti yake mwaka 1963, ilikuwa na mshauri wake wa takwimu, Claus Moser, na tafiti zake yenyewe zilizojaza viambatisho vinene. Australia ilipoanzisha mwaka 1988 mfumo wa kulipa ada kwa kukatwa kipato baada ya kuhitimu, ilitokana na kamati iliyoulizwa swali moja pana la nani alipe. Kwa hiyo maelezo yangu ni tofauti na yenu nyote: fedha za maswali makubwa zipo, ila zimehama kutoka kwenye ruzuku za watafiti kwenda kwenye tume na kamati ambako mtafiti huitwa na haombi.

TakwimuKwanza

Kamati hiyo ya Australia, iitwayo Kamati ya Wran, ndiyo iliyoripoti mwaka 1988. Mfumo wenyewe ulianza kufanya kazi mwaka 1989. Nakuunga mkono katika kiini cha hoja, kwani Bruce Chapman, mchumi aliyehusika sana na usanifu wake, aliifanya kazi hiyo kama mshauri wa serikali, hakusubiri mzunguko wa ruzuku.

Mhakiki_Mkongwe

Daftari_la_Zamani, sikatai kwamba Trow asingepita. Ila tume huwa na mtu mmoja mwenye mamlaka anayelitaka jibu. Ruzuku ya ushindani haina mtu huyo, ina watu watano wasiofahamiana wanaolinganisha maandiko arobaini. Mazingira ya namna hiyo hupendelea swali dogo lenye makali, na sioni njia ya kuyabadilisha kwa kulalamika.

Msaili

Naomba niingilie suala la maswali madogo yenye makali, kwa sababu yana hatari yake. Wengi mnaujua utafiti wa Eric Bettinger na wenzake uliochapishwa mwaka 2012. Familia za kipato cha chini nchini Marekani zilipokwenda kuandaa marejesho ya kodi katika ofisi za H&R Block, baadhi zilisaidiwa palepale kujaza fomu ya kuomba msaada wa masomo. Watoto wao waliokuwa wanamaliza sekondari walijiunga na vyuo kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa pointi 8 za asilimia. Waliopewa maelezo tu, bila kusaidiwa kujaza, hawakubadilika. Utafiti huo ulikuwa safi, wa gharama inayovumilika, na matokeo yake mtu yeyote anayaelewa.

Ukafuata msururu wa miradi ya kutuma ujumbe na vikumbusho, kwa sababu ujumbe ni rahisi kuliko kukaa na mzazi mezani. Mwaka 2021 Kelli Bird na wenzake walichapisha matokeo ya kampeni za aina hiyo zilizowafikia wanafunzi zaidi ya 800,000, na hawakuona athari yoyote katika kujiunga wala katika kupata msaada. Hoja yangu ni kwamba mfadhili akizoea majibu ya haraka, ataendelea kununua kile kinachopimika haraka, ilhali muundo wenyewe, yaani kiasi cha ada na masharti ya msaada, unabaki bila kuguswa.

Bi_Kalamu

Msaili, nadhani umeuhukumu mfano wako kwa ukali. Utafiti wa 2012 ulikuwa umeshaonya kwamba maelezo matupu hayatoshi. Waliopuuza ni wale waliochukua sehemu ya bei nafuu wakaiacha ile inayohitaji watu. Tatizo hapo ni usomaji wa matokeo, siyo ufadhili.

Msaili

Na nani aliyelipia usomaji huo mbaya?

Afisa_Mstaafu

Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika taasisi ya umma inayoshughulika na fedha za wanafunzi, nchi na jina la taasisi naomba niyaache. Wachangiaji wote mmezungumza kana kwamba takwimu zipo zikisubiri mtafiti. Hazisubiri. Zile alama za uhitaji anazozitaja Mhakiki_Mkongwe zimo katika mfumo mmoja, matokeo ya mitihani yamo katika mifumo ya vyuo, marejesho ya mikopo yako kwa waajiri na mamlaka ya kodi, na namba ya utambulisho inayomfuata mwanafunzi mmoja kupita mifumo yote hiyo mara nyingi haipo, au ipo kwa miaka ya karibuni tu.

Watafiti walikuwa wakija kwetu wakiwa wameshapata fedha, wenye barua nzuri kutoka kwa mfadhili, na tulikuwa tukiwarudisha. Sababu haikuwa ukaidi. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ilitutaka tujue kila safu ya jedwali inakwenda wapi na itafutwa lini, na hakuna aliyekuja na maelezo hayo. Yupo mmoja aliyekuja kabla hajaomba fedha yoyote, akauliza tuna nini na tunaruhusiwa kutoa nini, kisha akalijenga swali lake juu ya majibu yetu. Huyo tulimpa barua ya kuthibitisha ushirikiano, akaiambatisha kwenye andiko, na nasikia wapitiaji waliitaja barua hiyo kuwa ndiyo iliyowaridhisha.

Kwa maoni yangu wafadhili wanaosema "haliingii katika vipaumbele" wakati mwingine wanamaanisha kwamba hawaamini takwimu zitapatikana, ila wanaona haya kuiambia nchi nzima kuwa mifumo yake haiongei.

Njia_Panda

Afisa_Mstaafu, hili halikuwahi kunijia kabisa, na nashukuru. Ila barua hiyo huchukua muda gani kuipata? Matangazo mengi ya ruzuku hufungwa ndani ya wiki chache.

Kijana_wa_Maktaba

Muda ndio maelezo yangu mimi. Sera ya elimu ya juu hubadilika haraka kuliko ruzuku inavyotoka. Ujerumani ni mfano wa kutisha kwa mtafiti: Mahakama ya Katiba iliruhusu majimbo kutoza ada mwaka 2005, baadhi ya majimbo yakaanza kutoza kuanzia 2006, na la mwisho likaifuta mwaka 2014. Aliyeandika andiko baada ya ada kuanza, akangoja uamuzi, akaajiri wasaidizi, akapata kibali cha maadili, katika baadhi ya majimbo alikuta ada imeshafutwa. Kenya ilianza mtindo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba, kabla suala halijapelekwa katika Mahakama ya Rufani. Mfadhili mwangalifu akiona hivyo, anaogopa kulipia utafiti wa sera ambayo huenda isiwepo ripoti itakapotoka.

Daftari_la_Zamani

Kijana, umeugeuza mfano wa Ujerumani kichwa chini. Ada kuja katika baadhi ya majimbo na kuondoka, huku mengine hayakutoza kamwe, ni bahati ambayo mtafiti wa sera huiomba. Wachumi kadhaa waliitumia tofauti hiyo kupima kama ada hupunguza kujiunga na vyuo. Waliofaidika ni wale ambao takwimu zilikuwa zinakusanywa na serikali kila mwaka, iwe kuna ruzuku au hakuna. Kwa hiyo tumerudi kwa Afisa_Mstaafu, hatukuhama.

Kijana_wa_Maktaba

Sijaridhika. Wachumi hao walikuwa na mishahara ya kudumu. Sisi tunaoishi kwa ruzuku moja hadi nyingine hatuwezi kungoja bahati ije kisha iondoke.

Mhasibu_wa_Chuo

Niseme neno kuhusu jambo ambalo watafiti hulikwepa. Ruzuku za mada hii huwa ndogo, na ruzuku ndogo mara nyingi hazilipi gharama za taasisi, yaani zile za kuendesha chuo zisizo za mradi wenyewe moja kwa moja. Spencer Foundation ya Chicago, ambayo ni miongoni mwa mashirika machache yanayofadhili utafiti wa elimu wa ngazi zote na kupokea maombi kutoka nje ya Marekani, ina ruzuku ndogo zenye kikomo cha dola 50,000 ambazo haziruhusu gharama hizo kabisa. Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, kwa upande wake huongeza asilimia 25 juu ya gharama nyingi za moja kwa moja ili kulipia gharama hizo. Mkuu wa chuo akiwa na mtafiti wa tiba mwenye mradi wa Ulaya na mtafiti wa sera mwenye ruzuku ndogo, ofisi ya utafiti itamhudumia nani kwanza?

Lipo na jambo la pili, zito kuliko hilo. Mtafiti wa sera ya elimu ya juu anamchunguza mwajiri wake. Niliona andiko la kuchunguza namna ada za ziada zinavyokusanywa likikaa ofisini kusubiri saini hadi tarehe ya mwisho ikapita, na hakuna aliyelikataa. Wanaochunguza shule za msingi hawana tatizo hilo.

Bi_Kalamu

Hili la mwajiri lingepaswa kuanzishiwa uzi wake. Ndiyo sababu mashirika kama CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii barani Afrika lililoanzishwa Dakar mwaka 1973, yalikuwa na thamani ya pekee: mtafiti aliweza kuuliza kuhusu uhuru wa taaluma na uendeshaji wa vyuo akiwa na mgongo ulio nje ya chuo chake. Ingawa nalo lilitegemea wafadhili wa nje kwa kiasi kikubwa, maswali yalipangwa na wanataaluma wenyewe.

Msaili

Baada ya maelezo yote haya, je, hatuwezi kukubali kwamba kuchagua kati ya maandiko mazuri ni kubahatisha, na tukaliweka wazi? Volkswagen Foundation ya Ujerumani ndiyo ya kwanza kupiga kura ya bahati kati ya maombi yaliyovuka kiwango cha ubora, mwaka 2017. Andiko la Njia_Panda lingekuwa na nafasi sawa na mengine.

TakwimuKwanza

Siyo ya kwanza. Baraza la utafiti wa afya la New Zealand lilianza mwaka 2013. British Academy nayo imekuwa ikiijaribu njia hiyo tangu 2022 katika ruzuku zake ndogo, ambazo zinahusu sayansi ya jamii na kwa hiyo ziko karibu zaidi na mada yetu.

Mhakiki_Mkongwe

Kura ya bahati huja baada ya kuvuka kiwango. Andiko lisilo na makazi, au lisiloonyesha takwimu zitatoka wapi, haliifikii kura. Naiunga mkono kwa sababu nyingine, kwamba hupunguza upendeleo wetu sisi wapitiaji kwa majina na vyuo tunavyovifahamu.

Njia_Panda

Nimewasoma wote. Bado naamini historia ina mchango wake, kwa sababu hata hofu ya takwimu anayoieleza Afisa_Mstaafu imetokana na miaka ambayo hakuna aliyelipia ukusanyaji wake. Nakusudia kulipunguza swali langu liwe la marejesho ya mikopo kwa wahitimu wasio na ajira rasmi, kundi ambalo makato ya mshahara hayalifikii. Afisa_Mstaafu, kwa swali hilo nianzie kwa mkuu wa taasisi au kwa idara ya takwimu?

Daftari_la_Zamani

Swali zuri, ila umeona kilichotokea? Uliingia ukiuliza nani abebe gharama, unatoka ukiuliza namna ya kuwafikia wadaiwa. La kwanza lilimhusu kila mzazi na kila serikali, la pili linaihusu bodi ya mikopo.

Afisa_Mstaafu

Anza na idara ya takwimu, upeleke orodha ya safu unazozihitaji na usiombe jina wala namba ya simu ya mtu. Wakisema inawezekana, wao ndio watakaomwandalia mkuu rasimu ya barua, na hupatikana mapema zaidi kuliko ukianzia juu. Waulize pia kuhusu wahitimu waliotoweka kwenye mfumo kabisa, kwa sababu hao ndio wengi wa kundi unalolitaka na hawaonekani katika jedwali lolote la marejesho. Kuhusu Daftari_la_Zamani, tulipokuwa tukiandaa taarifa za wadaiwa wasiopatikana, swali la nani abebe gharama ndilo lililokuwa likiulizwa na wizara kila mara, na hatukuwa na takwimu za kulijibu.